Waachie Waitikiaji Nafasi Yao

Hadija mwanangu,

Mama yako amepita hapa na sinia la korosho za kukufungia safari, akaniona nimeinama na kalamu, akacheka. "Unamwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili?" Nimemwambia ndiyo. Kwa mdomo nitaharibu. Unanijua, nikianza jambo la maana naishia kukuuliza kama simu ina chaji. Na hayo ya chaji, na sweta, na kutokula cha kupewa ndani ya basi, mama yako ameshayasema tangu juzi na atayarudia kesho alfajiri pale stendi. Mimi siyagusi.

Ni alasiri. Wewe uko Ruponda kwa bibi yako, na mimi huku nakungoja. Nimekupigia, hupatikani. Nimempigia yule kijana wa bodaboda aliyekubeba, naye hapatikani. Najua kwa bibi yako mtandao unashika pale kwenye kichuguu nyuma ya ghala tu, na mtu hawezi kukaa juu ya kichuguu kutwa nzima akingoja baba yake apige. Najua. Kujua hakujanisaidia kitu. Nimefagia studio mara mbili, nimekung'uta magodoro ya ukutani ya kuzuia kelele, nimekunja nyaya ambazo nilizikunja jana.

Ninachokihofia unakijua, ila nikiseme nikione kimekaa kwenye karatasi. Watu wa ile studio ya Mwanza wamekuambia ufike na kazi moja iliyokamilika, ya mkono wako mwenyewe, waisikilize ndipo waamue kama unabaki au unarudi. Kazi uliyo nayo ni moja, wimbo wa bibi yako na wenzake wa kukung'uta ufuta. Na bibi yako alikuruhusu umrekodi kwa sharti lake. Mama yako alikuwepo, akaniletea maneno kama yalivyo: "Nisikie kwanza mie, mke mwenzangu. Nikikataa, unafuta palepale, nakuona." Akikataa leo, kesho unapanda basi huna kitu, na mkono mtupu haulambwi. Na akikataa, nitajua kosa ni langu, si lako.

Nianze na dilei, ule mwangwi wa mashine, maana ndiyo iliyonipa jina mjini na ndiyo iliyonivunjia heshima ukweni.

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilinunua kimashine kilichokwisha kutumika, kina vitufe vitatu na kimoja kibovu. Kitufe cha kwanza kinaamua sauti ishikwe kwa muda gani kabla ya kurudishwa. Cha pili kinaamua irudi mara ngapi. Hiyo ndiyo dilei yote, mwangwi wa kutengeneza, na mpaka leo kwenye kompyuta zenu ni vitufe vile vile, vimevalishwa rangi tu. Wewe ulikuwa unasota sakafuni. Nilikuwa nasema jina lako kwenye maiki, "Hadija," chenyewe kinarudisha "dija, dija, ja," nawe unageuka huku na huku kumtafuta anayekuita. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Basi mtu akipata kitu kitamu hajui kuacha. Nikaitia dilei kila mahali. Kwaya kutoka Mnero walikuja kurekodi, nikawawekea dilei wote, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi, wakatoka wanaimba kama watu waliofungiwa ndani ya tangi la maji. Mwalimu wao wa kwaya akasikiliza kimya, mikono nyuma, akaniuliza kwa upole wa kikanisa, "Fundi, maneno yamekwenda wapi?" Nikamwambia hiyo ndiyo staili ya sasa. Maneno yalikuwa yamezama. Mwangwi unabeba na ule uzito wote wa chini wa sauti, na uzito huo ukirudi na kurudi unakuwa tope. Siku hizi nakata chini yote kabla sijauachia, na juu nako kidogo, ubaki mwembamba, ukae nyuma ya mwimbaji bila kumkanyaga. Hili unalijua kunishinda. Nalisema ili ujue kwamba nililijifunza kwa kuwaaibisha watu waliotoka mbali, waliovaa sare mpya.

Halafu tangazo la mnada wa ufuta, kule Mandawa. Nilipewa kazi ya kutengeneza sauti ya kuzungushwa kwenye gari la matangazo, nikaona tangazo bila dilei ni sawa na chai bila sukari. Gari likapita vijijini na vile vipaza sauti vyake vya bati, likisema mnada ni Jumatano. Watu wakasikia juma, juma, juma, tano imefunikwa. Wengine walifikisha magunia Jumanne, wengine walikuja Jumamosi kukuta mizani imeshaondoka. Mzee mmoja alilala juu ya magunia yake akilinda, alipokutana na mimi sokoni Ruangwa hakunitukana. Aliniambia tu, "Kijana, siku nyingine sema mara moja, sisi tunasikia." Nje kuna mwangwi wake tayari, wa kuta na mabonde, na mimi nilikuwa nimeongeza wangu juu yake. Tangu hapo kabla sijaigusa kazi najiuliza kwanza itasikilizwa wapi, na nani, akiwa anafanya nini.

Ya ngoma nayo yalinitoa jasho. Ngoma zetu hazitembei kwa saa ya kompyuta. Zinaanza kwa kujivuta, zinapata joto, zinakimbia. Nilikuwa napima mwendo mwanzoni mwa wimbo, nafunga dilei hapo, naenda kunywa chai. Kurudi, katikati ya wimbo mwangwi unaangukia pasipo na pigo, kama mlevi anayecheza harusini. Ilinichukua muda mrefu kukubali kukata wimbo vipande na kukipimia kila kipande mwendo wake. Huko uendako watakuambia uinyooshe ngoma ifuate kompyuta, ni rahisi zaidi. Uwasikilize, ni wakubwa wako kazini, ila usiwe na haraka ya kukubali.

Na marudio. Hapo ndipo nilipokuwa mroho kuliko pote. Kitufe cha pili nilikizungusha mpaka mwisho. Bibi yako ndiye aliyekufundisha ukiwa mdogo kwamba hodi ni tatu, ya nne ni ukaidi, usipoitikiwa geuka uende zako. Siku uliyorudi nyumbani ukinihubiria hilo, ukiwa huna meno ya mbele, nilikwenda studio nikapunguza marudio ya kila wimbo niliokuwa nao mezani.

Sasa la ukweni. Umelisikia vipande vipande, mama yako akicheka, mama yako mdogo akibadilisha mazungumzo. Mimi sijakueleza mwenyewe hata siku moja, na kesho unaondoka.

Unajua mimi ni Mmakonde, wazazi wangu walihamia Nachingwea kutoka Newala. Nikaoa kwa Wamwera, nikashika adabu za mkwe kwa bidii ya mgeni, kuliko hata wenyewe. Mkwe wa kike humtazami usoni. Mkikutana njiani unatoka kando, unasimama nyasini umegeuza uso, anapita, ndipo unarudi njiani. Ukiwa na neno kwake, linapitia kwa mkeo. Mpaka leo ndivyo ninavyofanya, na wewe umenicheka sana kwa hilo.

Mama yako mdogo alipoposwa, nikataka wakwe waone kwamba hawakumtoa binti yao kwa mtu wa kuchezea nyaya. Nikamtuma mama yako amwombe bibi yako aje aimbe ule wimbo wa kukung'uta ufuta, niutengeneze, upigwe siku ya harusi akiwa anaingia uwanjani. Babu yako alikuwa amefariki, bibi yako ametoka eda si zamani, na tangu msiba hakuna aliyemsikia akiimba. Akakubali. Kila mtu alishangaa, mimi wa kwanza.

Akaja. Nikatundika kanga katikati ya chumba. Yeye upande wa maiki, mimi upande wa mashine, nimempa mgongo ingawa kanga ipo, hedifoni masikioni. Sikumwona hata kidole. Akaimba mstari, akanyamaza. Akaimba, akanyamaza. Kimwera changu ni cha sokoni lakini mstari huo niliuelewa vizuri, kwa Kiswahili ni kama kusema, "Nimekuja peke yangu." Kisha kimya. Nikasema moyoni, maskini, ni majonzi ya mume. Na kile kimya nikakiona ni shimo, na mimi kazi yangu siku zile ilikuwa kuziba mashimo.

Ningegeuka mara moja tu ningeona. Mama yako alichungulia, amekubeba mgongoni, na yeye aliona: kila bibi yako alipomaliza mstari aliinua mkono kuwapa wenzake zamu, maana masikioni mwake walikuwepo. Alidhani chumba changu ni kidogo na nitawaita wenzake siku nyingine. Mama yako naye alidhani hivyo hivyo. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Na hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwa kuwa mkwe na mkwe hawaulizani.

Siku ya harusi spika zimesimama, vumbi limemwagiwa maji, bibi yako anaingia na wanawake wa Ruponda nyuma yake. Nikabonyeza. "Nimekuja peke yangu," sauti ikasema, safi ajabu, mpaka watu wakageuka kunitazama mimi. Wanawake wakafungua midomo kuitikia "Hapana, tupo," maana hivyo ndivyo wimbo unavyokwenda tangu bibi zao. Mashine ikawawahi. Peke yangu. Peke yangu. Peke yangu. Wakajaribu mstari wa pili, ikawawahi tena. Wa tatu hawakujaribu. Uwanja mzima ukakaa kumsikiliza mjane akijijibu mwenyewe kwamba hana mtu, kwenye harusi ya mwanawe, na wenzake wamesimama nyuma yake midomo wazi.

Nilikuwa natafuta kitufe cha kuzimia na vidole havioni. Bibi yako akajifunga kanga yake vizuri, akasema, wala si kwa kelele, "Mkwe wangu kaniona sina watu." Akatoka uwanjani.

Hakunichukia, Hadija. Ingekuwa nafuu. Kila msimu analeta mbaazi kwa mkono wa mtu, anatuma salamu, anauliza kama kifua changu kimepona. Nilituma watu wa kuniombea radhi, wakarudi na jibu moja, "Hakuna neno." Ukiambiwa hakuna neno na mkwe, ujue lipo. Nyumba hii hajaikanyaga tena. Mbele ya mashine hakuimba tena, mpaka wewe ulipokwenda msimu huu na kinasa sauti chako, ukakaa katikati yao kwenye turubai, ukala vumbi la ufuta kutwa nzima bila kumwambia mtu asogee wala ajipange. Uliporudi nilikuuliza ulichowaambia ili wakubali. Ukasema, "Sikuwaambia kitu, Baba, nilikuwa nakung'uta." Nililala na jibu hilo siku nyingi.

Sasa unaelewa jana. Nilikuwa napita tu nje ya studio. Nikasikia sauti yake, "Nimekuja peke yangu," na nyuma yake, nyembamba, nikasikia dilei ikiinuka. Peke... Nikaingia bila hodi, mimi mwenye kuhesabia watu hodi, nikakuambia, "Toa hiyo." Ukaniambia, "Baba, tulia. Hujasikia mpaka mwisho." Nikasema nimesikia ya kunitosha maisha. Ukavua hedifoni, ukaziweka mezani taratibu, ukasema, "Hiyo uliyosikia ni ya kwako. Hii ni ya kwangu." Ukazima kompyuta. Wakati wa kula mama yako akawa anasema na wote wawili kama anasuluhisha nchi. Leo asubuhi umeondoka na ile spika ndogo umeipakata kifuani. Hukuniaga, ulidhani nimelala.

Nilikuwa macho. Nilisikia mpaka pikipiki ilipoishia.

Umeme umerudi sasa hivi. Ulikatika tangu asubuhi, ndiyo maana nilikuwa na muda wa kufagia. Feni imeanza kuzunguka na taa ya kompyuta yako imewaka huko studio, naiona kwa chini ya mlango. Faili lako limo humo. Nimekaa naiangalia hiyo taa. Sijui nikisikiliza nitakuwa nakuamini au nakuchunguza. Ngoja niende.

Nimerudi.

Nakuandikia nilichosikia ili ujue nimesikia. Bibi yako anasema amekuja peke yake. Dilei inainuka kidogo, ile ile ya jana iliyoniingiza bila hodi, na hapo hapo wanawake wanaingia, "Hapana, tupo," na dilei inatoka kando. Inasimama nyasini imegeuza uso. Wote wanapita, na makofi yao, na ufuta unavyomwagika kwenye turubai. Wakishanyamaza ndipo inarudi njiani, na haijabeba neno la bibi yako. Imebeba la kwao. Tupo. Tupo. Tupo. Inafifia, inaondoka, haingoji kuitikiwa. Chini imekatwa. Na mwishoni wanapopandisha mwendo nayo inapandisha, kipande kwa kipande. Kumbe ulikuwa umekaa usiku kucha unapima, na mimi nikidhani unachezea simu.

Umeifundisha mashine adabu ya mkwe, mwanangu. Sijui kama ulikusudia. Nimelia, nisikufiche. Mama yako amekuja mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Ningesikiliza mpaka mwisho jana, ungeondoka leo umeniaga. Hilo nalo ni langu.

Lakini mimi si mwamuzi wa jambo hili, na sasa nina hofu mpya, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu nimeipenda kazi. Ile spika ndogo haina uwezo wa kutoa sauti nyembamba za nyuma. Bibi yako atasikia sauti yake mbele, na ile "peke" ya kwanza ikiinuka, na huenda upepo wa uani ukachukua yaliyobaki. Huenda asimame palepale kama mimi nilivyosimama. Huenda ajifunge kanga. Wewe utafuta, nakujua, hutabishana naye, utafuta huku anakuona kama ulivyoahidi, halafu utapanda pikipiki na kurudi huku na uso wa kuniambia hakuna neno. Nimewaza kukufuata. Nimewaza mpaka nikaitoa baiskeli nje, mama yako akaniambia, "Wewe na kifua hicho? Irudishe ndani." Nimeirudisha.

Jua limeshuka. Mama yako amepika, amefunika. Hupatikani.

Nikuambie nilichokuwa nataka kukuambia tangu juzi, kabla hujarudi na nikashindwa. Huko Mwanza utapanga chumba. Utarudi kazini, utafungua mlango, utasema neno na hapatakuwa na wa kukujibu. Mimi nilipokuwa kijana nimeanza maisha hapa mjini, kimya cha namna hiyo kilinitisha mno. Nilikiziba kwa redio, kwa marafiki wa kelele, kwa kazi zisizo na maana, kwa maneno yangu mwenyewe niliyoyarudia mpaka nikayaamini. Niliwachosha watu wengi. Ilibidi nimwaibishe bibi yako ili nianze kushuku kwamba huenda palikuwa na mtu anakuja kuitikia, nikamkalia mahali pake. Na mpaka leo sijapona. Simu yako isipopatikana kwa nusu siku, tayari nimejaza kila kitu, ajali, ugomvi, ufutaji. Ona barua hii ilivyojaa. Sina dawa ya kukupa kwa hilo. Nakuonyesha tu ugonjwa, usije ukadhani ni busara.

Nasikia pikipiki. Naishia hapa.

Nimerudi kumalizia. Mko uani, nawasikia mnavyocheka, na najua mnanicheka mimi.

Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa nje wa mlango. Hujui upande wa ndani palikuwaje. Pikipiki ilisimama, nikangoja usukume mlango kwa nyonga kama kawaida yako. Haukusukumwa. Ikaja hodi, na haikuwa yako. Ilikuwa sauti ile ile niliyotoka kuisikia kwenye spika zako. Nikageuza uso ukutani, ndani ya chumba kisichokuwa na mtu mwingine, kwa mazoea tu. Hodi ya pili. Nikangoja mama yako aitike, kumbe mama yako amekwenda kwa jirani kuomba kamba ya kufungia begi. Hapakuwa na mtu wa kunipitishia neno.

Ya tatu haikuja. Badala yake bibi yako akasema, polepole, kwa Kimwera, kwa ile sauti ya kuanzia kazi shambani:

"Nimekuja peke yangu."

Nilikusikia umeshika pumzi nyuma yake. Hukuitika. Ulijua zamu si yako.

Nilichelewa, Hadija. Mtanicheka mwaka mzima nilivyochelewa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nawaza ni kosa gani zaidi, kusema na mkwe moja kwa moja au kumwacha mtu mlangoni aseme hivyo asijibiwe. Halafu nikasema, nimeutazama ukuta:

"Hapana, mama. Tupo."

Naye akasema, "Haya, fungua basi, vumbi limeniua."

Nikafungua, nikakaa kando, akapita. Hakunitazama wala sikumtazama. Alikuwa na furushi lake la kulala. Alipofika mlango wa uani akakuambia wewe, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mke mwenzangu, huo wimbo nenda nao. Na hao wa huko wakiuliza nani kaimba, usiseme bibi yangu. Sema ni wanawake wa Ruponda."

Basi nenda nao, na useme hivyo.

Kesho stendi usingoje niseme kitu kizuri. Nitakuuliza kama simu ina chaji, na ndiyo, nitakuwa na maana hiyo hiyo, kwa hiyo ichaji. Ukifika Mwanza, hata ikiwa saa mbaya, piga useme umekuja peke yako. Ni mbali, tunaweza kuchelewa kidogo kuitika. Usikate.

Baba yako